Shilingi Chini ya Rula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini, nayo ilianza kwa blanketi. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimeolewa na mwaka haujaisha. Tuliishi Kariobangi, nyumba ya vyumba viwili, cha mbele kikitazama barabara na cha nyuma kikitazama ukuta. Niliamka asubuhi ya Julai, baridi ile ya Nairobi unayoijua, nikapapasa kitandani nikakuta shuka tupu. Blanketi letu zito, lile ambalo mama yangu alinipa nilipoolewa, lilikuwa chumba cha mbele. Mume wangu Musyoka alikuwa ameifunika mashini yake.

Nataka uelewe ni mashini gani, maana watu wakisikia mashini nyumbani hufikiri cherehani. Hii ilikuwa ya kuchonga chuma, ile ambayo mafundi huiita milingi. Ilikuwa ndefu kama mimi na nzito kuliko fahali. Ilikuwa na meza ya chuma iliyosogezwa huku na huku kwa mipini ya mkono, na juu yake kichwa kilichoshika kisu kinachozunguka. Kipande cha chuma hufungwa mezani, kisu kikapita juu yake, na kila kikipita huondoa utando mwembamba kuliko karatasi. Karakana alikofanya kazi Musyoka ilipopata mashini mpya, hii kuukuu ilikuwa iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, naye akaiomba. Wanaume wa mtaa mzima waliisukuma juu ya vipande vya mabomba hadi kwetu, wakang'oa fremu ya mlango ndipo ikaingia. Meza yetu ya kulia chakula ikatoka. Viti vikatoka. Kilichobaki ni kigoda kimoja pale mlangoni, na hicho ndicho kilichokuwa sebule yangu.

Musyoka aliifungia mota iliyotoka kwenye pampu ya maji. Akiiwasha, taa za majirani zilififia na redio zao zikakoroma. Mama Akinyi, jirani wa upande wa pili wa ukuta, alikuwa akigonga kwa mwiko na kupaza sauti: "Musyoka! Hebu zima huyo bibi yako wa pili, tunataka kusikia habari!"

Alikuwa akitania. Barabara nzima ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno hilo lilikuwa limekaa kifuani mwangu kabla yeye hajalitamka. Musyoka akirudi kazini jioni, mkono wake ulikuwa unaanzia mezani pa mashini, akiupitisha polepole kama anayepima homa ya mtoto, kujua kama unyevu umeingia. Baada ya hapo ndipo aliponiuliza nimeshindaje. Aliipaka mafuta kwa kidole, kila pembe, bila haraka. Mimi niliyejipaka mafuta mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikitazama.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakwambia ili ujue jinsi wivu unavyokuwa mwangalifu. Mtu mwenye furaha hupita tu kwenye mambo. Mtu mwenye wivu huhesabu, hupima, hukumbuka nani alisimama wapi.

Basi akaja Mama Gathoni.

Alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Kinangop, mwuzaji wa kabeji, na aliendesha pikapu yake mwenyewe wakati ambapo mwanamke akishika usukani watoto wa Kariobangi waliacha mpira wakamkimbilia. Alivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nyuma. Alishuka akiwa amebeba kitu kizito ndani ya gunia, na alikibeba mwenyewe.

"Ni hapa kwa fundi wa kusawazisha vyuma?" aliuliza. Kisha akanitazama mimi. "Habari yako, msichana."

Msichana. Nilikuwa mwenye nyumba.

"Karibu, mama," alisema Musyoka, tayari akijifuta mikono.

"Hii gari yangu, fundi, ikitaka kuondoka inatetemeka kama mtu ana malaria. Mekanika amefungua, akasema shida iko hapa." Akafungua gunia.

Ndani kulikuwa na gurudumu zito la chuma ambalo hufungwa nyuma ya injini. Mafundi huliita flaiwili. Klachi, mwanangu, ni mshiko tu. Injini huizungusha flaiwili. Juu ya uso wake hukaa sahani yenye bitana, ile ngozi ngumu ya kushikia, na juu ya sahani kuna kifuniko chenye springi ambacho huikandamiza sahani ile ikashikana na flaiwili. Ukikanyaga pedali vinaachana. Ukiinua mguu vinashikana na gari likaondoka. Uso wa flaiwili ukiwa na makovu, vinashikana kwa ugomvi, na gari zima hutetemeka. Uso wa ile ya Mama Gathoni ulikuwa na mifereji iliyochimbwa na misumari ya bitana iliyokwisha, na madoa ya buluu mahali chuma kilipoungua.

Siku hizo sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba mume wangu na mjane huyo waliinama pamoja juu ya kitu kimoja, vichwa vikikaribiana.

Nikachukua ungo wa maharagwe, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuchagua.

Flaiwili ile ilikuwa na ngazi. Ukingo wake wa nje, ambako kifuniko hufungwa kwa boliti, ulikuwa juu kidogo kuliko uso wa ndani ambako sahani hushika. Musyoka alilaza rula ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo, akamwonyesha mwanga unaopita chini yake.

"Hapo shilingi inaingia?" aliuliza Mama Gathoni.

"Sijui. Jaribu."

Mama Gathoni akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa shilingi, akaisukuma chini ya rula. Ilikwama.

"Imekataa!" akasema, na wakacheka wote wawili. Musyoka alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu mashini ile iingie nyumbani. Nilikuwa nimedhani kimekwisha. Kumbe kilikuwepo, ila si cha kwangu.

Kesho yake Mama Gathoni alirudi kushuhudia kazi. Nami nilirudi kwenye kigoda na ungo ule ule. Musyoka aliifunga flaiwili kwenye meza inayozunguka, akaweka kipimo chenye mshale kama wa saa, akaigonga kidogo hapa, kidogo pale, mpaka mshale ukatulia. Ndipo alipowasha. Mama Akinyi akagonga ukuta. Kisu kilipita juu ya uso wa ndani na vumbi la kijivu likaanza kudondoka, na mifereji ikapungua, ikawa mistari, ikawa vivuli, ikatoweka. Niseme kweli, ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Hilo nalo liliniuma. Nilimwona Mama Gathoni akiuliza maswali, na Musyoka akimjibu kwa furaha, huyu mume ambaye nikimwuliza habari za kazi alisema tu, "Ni sawa."

Lakini mimi, mwanangu, sikuwahi kumwuliza juu ya chuma. Nilikuwa nikimwuliza habari za kazi kama mtu anavyoulizwa habari za safari.

Walipomaliza, uso ulikuwa safi, wa rangi moja. Musyoka akalaza tena rula.

"Ile shilingi," akasema Mama Gathoni, na akaisukuma. Iliingia upande mmoja ikatokea wa pili. "Leo imekubali!" Akampiga Musyoka begani kwa mkono wake mpana, na wakacheka tena.

Nilijikuta nimetupa haragwe zuri nje pamoja na makapi.

Jioni Mama Akinyi alinisubiri kwenye mfereji wa maji. "Nduku, huyo mama wa pikapu alikuja tena? Klachi gani hiyo ya kutengenezwa siku mbili?"

Nilichota maji, nikarudi, nikapanga nguo zangu ndani ya kiondo nikakificha nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeamua. Jumamosi ningeenda kwetu Kangundo, na nisingerudi mpaka Musyoka achague kati yangu na chuma chake pamoja na watu wanaokifuata.

Jumamosi asubuhi, kabla sijaondoka, gunia lile lilianguka mlangoni kwa kishindo.

"Fundi!" Mama Gathoni alikuwa amesimama nje, macho mekundu, gambuti zimejaa matope makavu. "Wewe umenifanyia nini?"

Pikapu ilikuwa imeondoka vizuri, alisema, laini kama maziwa, hakuna kutetemeka. Alienda upande wa Naivasha akapakia kabeji. Lakini kwenye mlima wa kurudi, injini ilinguruma na gari halikwenda. Alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele zaidi, gari likasimama, na harufu ya bitana inayoungua ikajaa. Ilibidi ashushe kabeji zote kando ya barabara, apande na gari tupu, huku mbuzi wa watu wakifanya sherehe.

"Klachi haishiki," alisema. "Mekanika ameifungua tena. Anasema ni wewe."

"Ni springi za kifuniko," alisema Musyoka. "Zimechoka."

"Kifuniko ni kipya! Nilinunua pamoja na bitana!"

"Basi ni kipya kibovu. Uso huu niliukata mimi. Hebu uguse. Uko sawa kabisa."

"Nitagusa uso nile?"

Walibishana hivyo, Musyoka akisema springi, mama akisema uso, mpaka watu wakaanza kusimama barabarani. Nilimtazama mume wangu. Jasho lilikuwa limemtoka. Mtu huyu alikuwa amezoea vyuma vya karakana vinavyokuja na vipimo vyake. Gari la mtu barabarani hakulijua sana, na sasa mtaa mzima ulikuwa ukimsikia. Mwishowe alikaa juu ya kreti ya vifaa vyake akasema kwa sauti ya chini:

"Basi. Mimi nitaiuza hii mashini. Jumatatu nitaita watu wa chuma chakavu waichukue."

Mwanangu, hayo ndiyo maneno niliyoyataka. Niliyataka tangu siku ya blanketi. Kiondo kilikuwa nyuma ya pazia, na sikukihitaji tena. Kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu, na Jumatatu meza yangu ya kulia ingerudi mahali pake.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Wao wawili walikuwa wakibishana juu yake kama watu wanaotafuta ufunguo ambao mimi niliuona ulipoanguka. Sitajisifu kwamba nilisema kwa wema. Nilisema kwa sababu ilinikera.

"Shilingi," nikasema.

Wakageuka wote wawili.

"Siku ya kwanza shilingi ilikwama chini ya rula. Siku ya pili ilipita bila kugusa popote."

"Na hiyo ni nini?" Musyoka aliuliza, bado na hasira.

"Sijui ni nini. Wewe ndiye fundi. Najua tu kwamba siku ile ulikata ndani. Nje, hapa penye mashimo ya boliti, kisu hakikufika hata mara moja. Nilikuwa natazama."

Musyoka aliinuka polepole, akaiweka flaiwili mezani, akalaza rula. Aliinama akautazama ule mwanga chini yake.

"Nimeishusha sahani," alisema, kama anayejisemea. "Uso umeshuka, lakini kifuniko kimebaki juu pale pale. Springi hazifiki kukandamiza. Nikitoa ndani, lazima nitoe na nje, kipimo kile kile."

Mama Gathoni hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi. Akaja, akainama juu ya ungo wangu uliokuwa kando ya kigoda, akatia mkono kwenye maharagwe.

"Wewe msichana," akasema. "Nilikuja mara ya kwanza unachagua haya. Nikaja mara ya pili unachagua haya. Nikajiambia, ni mawe ya aina gani hayaishi? Kumbe mawe ni mimi."

Nilitaka ardhi inimeze. Watu barabarani walicheka, na kicheko cha Mama Akinyi kilitangulia.

"Usiangalie chini, niangalie mimi," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Uko na macho kama haya, na umeyapa kazi ya kuchunga mwanaume? Mwanaume ana miguu. Akitaka kwenda ataenda ukimwangalia. Mimi nina watoto wa kusomesha, sitafuti bwana wa mtu mwenye blanketi moja."

Hata Musyoka alicheka kidogo, kwa aibu.

"Hii pikapu ilikuwa ya mzee wangu," akaendelea. "Niliionea wivu miaka mingi. Alikuwa anaiosha kabla hajanisalimia. Alipokufa, ikakaa nje ya nyumba, kuku wakataga ndani. Sikutaka kuigusa. Siku njaa iliponipeleka kwenye usukani, nilijifunza nikalia. Unajua kwa nini nililia?"

"Kwa sababu ya mzee," nikasema.

"Hapana. Kwa sababu haikuwa ngumu. Ningeweza kukaa kando yake miaka hiyo yote, aniambie hii ni nini na ile ni nini. Mimi nilikaa jikoni nikikasirika." Akauchukua ungo, akakaa kwenye kigoda changu, akanyoosha gambuti zake mbele. "Sasa leo mimi ndiye nitachagua maharagwe. Wewe simama pale. Na wewe fundi, mwambie bibi yako unafanya nini, kila kitu, kama ulivyoniambia mimi."

Nilisimama pale. Musyoka alinitazama kama mtu aliyekutwa na mgeni bila chai. Halafu akaanza: huu ni mpini wa kushusha, huu wa kusogeza, ukizungusha alama moja kisu kinashuka hivi. Alipofika kwenye ukingo wa nje aliushika mkono wangu akauweka kwenye mpini. Chuma kilikuwa baridi, kisha kikapata joto. Vumbi la kijivu likadondoka. Ukingo ulipokwisha, nililaza rula mwenyewe. Mama Gathoni alitoa shilingi yake bila kuambiwa, nami nikaisukuma, ikakwama pale pale ilipokwama siku ya kwanza.

Hakuna aliyesema imekataa. Nilicheka peke yangu, kisha nao wakacheka.

Pikapu ilipanda mlima na kabeji zake. Kiondo nilikifungua nikarudisha nguo kabatini. Musyoka hakuwahi kujua kilikuwa kimefungwa.

Usidhani wivu ulikwisha nyumbani mwetu. Ulihama tu. Nilijifunza kazi ile kwa kuuliza na kurudia. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo hesabu nyingine nilizitafuta kwa vidole na vijiti. Baada ya muda wateja walianza kuuliza, "Yule mama yupo?" Hapo ndipo nilipoona mume wangu naye ana kifua kama changu. Akija mwanaume kijana na flaiwili yake, Musyoka alijikuta na kigoda cha kutengeneza pale mlangoni. Alikipiga misumari, akaking'oa, akakipiga tena. Kigoda kile hakikuwa na kasoro yoyote. Nilimwacha siku chache, nikionja ule utamu, sitaficha. Kisha nikamwita, "Baba, njoo ushike hapa, peke yangu sifiki." Akaja mbio.

Julai iliyofuata, aliporudisha blanketi kitandani bila kuambiwa, nililala nalo usiku mmoja tu. Kesho yake jioni, ukungu ulipoanza kushuka, nililikunja nikalipeleka chumba cha mbele, nikaifunika mashini, pembe zote. Musyoka akasema tutapata baridi. Nikamwambia meza ile ikishika kutu, atakayeisugua ni mimi.

Sasa sikia, mwanangu, kwa sababu hili ndilo nililokuitia. Sikwambii usione wivu. Utauona, kwa mume, kwa mke, kwa rafiki aliyepata kazi, kwa ndugu anayesikilizwa kuliko wewe. Ukikujia, usiupe kigoda mlangoni ukae ukichagua maharagwe yaliyokwisha kuwa safi. Uulize unataka nini hasa. Mimi nilidhani namtaka Musyoka aache chuma. Kumbe nilitaka kuwa ndani ya kile kicheko, na mlango wa kuingia ulikuwa swali moja ambalo sikuwahi kuliuliza: "Hii ni nini?" Yale macho makali ambayo wivu unakupa, yapeleke kwenye kazi. Yatakuonyesha kitu ambacho wenye furaha wamekipita. Na ukiona, sema, hata kama kunyamaza kungekupa ulichokitaka. Tena ukipunguza uso mmoja, iwe ni kwa hasira au kwa ukweli, kumbuka na wako hauna budi kushuka kipimo kile kile, ndipo mtaweza kushikana tena.

Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kuuliza. Akupe mtu wa kuweka mkono wako kwenye mpini, na siku ya baridi akupe kitu cha thamani cha kufunika, na blanketi la pili.